Kibuyu Kilichouliza Kama Mko Tayari

Hapo zamani za kale, kabla ninyi hamjaanza kukaa sebuleni mkicheza vita vya makundi kwenye simu na kugombana nani kawaangusha wenzake, wanyama nao walikuwa na vita vyao vya makundi. Ila wao wakishindwa hawakubonyeza kitufe wakaanza upya. Walirudi nyumbani na kiu.

Mvua ilikataa kunyesha misimu miwili. Mto ukawa mchanga. Maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi iliyo ndani ya pango la mlimani, na chemchemi hiyo ilikuwa na mwenyewe: Chatu.

Shangazi yangu Nyamizi, aliyenipa hadithi hii, alisisitiza jambo moja, nami nalisisitiza. Chatu hana masikio. Mtukane utakavyo, hasikii. Lakini kanyaga chini kwa kishindo, tumbo lake litajua.

Tena wako wanaosema mjanja wa hadithi hii ni Sungura. Si kweli. Alikuwa Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga wa kuazima, anayefagia vijia vyake kila asubuhi. Mke wake alikuwa amejifungua mapacha, na kwa kiu maziwa yalikuwa yamekatika. Watoto walilia siku ya kwanza. Siku ya pili hawakulia tena, na hilo ndilo lililomtisha Sange.

Akaenda kwa Nyati, ambaye ndama wake alikuwa hawezi hata kusimama. Akaenda kwa Bi Fisi na kwa Mzee Nungunungu. Wakakutana.

"Nimemchungulia Chatu siku tisa," Sange alisema. "Akishtuka, hufagia pango kwa mkia mara tatu. Vuu! Vuu! Vuu! Kisha huchoka, huingia shimoni mwake kupumzika. Karibu na shimo kuna jiwe. Sasa, Mzee Nungunungu atasimama mbele atikise miiba, Chatu amtazame yeye. Mkia ukija, sote tunalala chini. Mara tatu. Akishaingia shimoni, Bwana Nyati anasukuma jiwe. Lakini kabla ya hapo, Bwana Nyati, usikanyage kwa..."

"Yote hayo kwa nyoka mmoja?" Nyati alikoroma. "Mimi nina pembe."

"Na mimi nina taya," alisema Bi Fisi, huku mfupa ukigonga shavuni mwake, ko, ko.

"Basi, mko tayari?" Sange aliuliza.

"Tayari!" wakaitikia wote, kama mtu anavyoitikia hodi akiwa bado kitandani.

Walikuwa tayari? Hata!

Nungunungu alichelewa kufika, na mwiba wa mgunga ulikuwa umemchoma unyayoni. Bi Fisi alikuja na mfupa wake mdomoni. Na Nyati, hata kabla wenzake hawajashika nafasi zao, alitimka. Gudu! Gudu! Gudu!

Chatu akaamka. Vuu! Nungunungu akarushwa nje, akaangukia kichaka. Vuu! Bi Fisi akataka kupiga kelele, mfupa ukamkwama kooni. Vuu! Nyati akapigwa pua, akageuka, akakimbia, na nusura amkanyage Sange.

Nje ya pango, matusi yakaanza.

"Wewe mzee ndiwe uliyechelewa!"

"Na wewe kichwa maji, nani alikwambia uanze?"

"Fisi ndiye mwenye nuksi!"

"Nuksi ni bibi yako!"

"Jamani," Sange alisema, "kosa si la mmoja. Bwana Nyati, funga kwato zako kwa nyasi. Dada Fisi, acha mfupa nyumbani. Mzee, njoo mapema na ung'oe huo mwiba. Tujifunze kwanza uani kwangu, halafu..."

"Ati nani atufundishe?" Nyati aliinamisha kichwa mpaka pumzi yake ikampeperusha Sange hatua mbili. "Kitu chenye urefu wa kidole! Kesho tunarudi. Wewe kaa nyumbani na ufagio wako."

Sange akarudi nyumbani. Mkewe aliangalia mikono yake mitupu. Sange akatazama huku na huku, akaona kibuyu kikavu kimetundikwa ukutani, kile cha maziwa. Akakitoboa tundu kitakoni. Akaweka mdomo.

"Uuuuu," kibuyu kikanguruma. Mkewe akaruka.

"Samahani, mama mapacha," alisema Sange. "Nakiazima."

Kesho yake, jua likiwa utosini, wale watatu walifika mlangoni mwa pango. Juu ya mlango kulikuwa na ufa mwembamba, na ndani ya ufa kulikuwa na Sange na kibuyu chake. Wao hawakujua.

"NANI HUKO?" kibuyu kikanguruma.

Nungunungu akarudi nyuma. "Chatu! Chatu anasema!"

"MMEKUJA KUPIGANA?"

"Ndiyo!" Nyati alijibu, sauti ikiwa imepungua kidogo.

"MKO TAYARI?"

"Tayari!"

"WAONGO! Nyati, kwato zako zinasikika toka ng'ambo ya bonde! Utanipiga au utanipigia ngoma? Fisi! Umekuja vitani au karamuni? Tema mfupa! Na wewe mzee wa miiba, mwiba wa mwenzio umekukaa mguuni tangu jana, na wenzako wamekungoja juani mpaka ndimi zimetoka. Siwezi kupigana na watu wasioheshimiana. Mnanivunjia heshima hata mimi. ONDOKENI! Mkajifunze kwanza!"

Wakaondoka mbio, vumbi likipanda, tifu tifu tifu. Sange naye akapita kijia chake kilichofagiwa, akawatangulia kufika nyumbani. Walimkuta uani, anafagia.

"Bwana Sange!" Bi Fisi alihema. "Chatu kasema nasi!"

"Acha! Kasema nini?"

"Kasema Bwana Nyati afunge kwato."

"Kasema nije mapema," Nungunungu akaongeza kwa aibu, "na nitoe mwiba."

"Kasema tukajifunze kwanza." Nyati akatikisa kichwa taratibu. "Ni adui, lakini, wallahi, ana akili yule."

"Ana akili sana," alisema Sange, akainama kufagia palipokuwa pameshafagiwa.

Alasiri ile yote walijifunza. Gogo likawa mkia. Sange akilia "Chwi!", wote chini; akilia mara mbili, Nyati asukume. Kwa kuwa Chatu hana masikio, "chwi" ilikuwa siri yao. Nyati alikosea mara sita. Mara ya saba alilala chini kwa wakati, tena bila kishindo, na Nungunungu akasahau uzee akashangilia. Walikubaliana hata habari ya kunywa: watoto kwanza, kisha mama zao, kisha waliopigana. Bi Fisi alimeza mate, akasema, "Sawa. Lakini iwe haraka."

Asubuhi walikuwa mlangoni mwa pango, wote wanne, hakuna aliyengojwa. Wakatega masikio.

"Mbona leo Chatu hatuulizi?" Nyati alinong'ona.

"Labda amelala," Sange alisema. "Tuulizane wenyewe. Mko tayari?"

Safari hii hakuna aliyeitikia. Kila mmoja alijitazama kwanza.

"Ngojeni," alisema Bi Fisi. Akatoa kipande cha mfupa alichokificha chini ya ulimi, akakiweka juu ya jiwe. "Sasa tayari."

Nungunungu akageuza unyayo. Ulikuwa safi. "Tayari."

Nyati alikuwa amefunga kwato kwa nyasi. "Mimi bado naogopa," alisema.

Hakuna aliyecheka. "Hata mimi naogopa, Bwana Nyati," Sange akamwambia. "Nyasi zimekaza?"

"Zimekaza."

"Basi uko tayari."

Wakaingia. Nungunungu akasimama mbele, akatikisa miiba na kugonga mguu, chaka-chaka-chaka! Chatu akainua kichwa, akamkazia macho yeye peke yake.

"Chwi!" Wote chini. Vuu! Mkia ukapita juu yao.

"Chwi!" Bi Fisi akachelewa kidogo, mkia ukamparuza mgongo, akabiringika. Juzi angetukanwa. Leo Nungunungu alisema tu, "Lala, dada. Bado mara moja."

"Chwi!" Vuu!

Nyati alitaka kutimka. Misuli yote ya shingo ilitaka. Akajizuia, akabaki chini, jicho kwa Sange. Chatu akahema, akajikunjua polepole, akaingia shimoni mpaka ncha ya mkia ikapotea.

"Chwi! Chwi!"

Nyati akainuka na kusukuma. Jiwe likalia kriii, likabiringika, likaziba shimo: guu!

Kimya. Halafu wakasikia kitu walichokuwa wamekisahau: maji yanatiririka.

Chatu, msimhurumie, alitokea upande wa pili wa mlima akaenda zake.

Ndama wa Nyati aliletwa, akanywa mpaka masikio yakasimama. Mke wa Sange alikuja na mapacha, akanywa, na muda si muda mapacha walianza kulia tena, kwa sauti kubwa, wakidai ziwa. Sange aliposikia kilio kile, aliketi chini kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe.

Nungunungu, akifuta midomo, ndipo alipokunja uso. "Nauliza tu. Chatu hana masikio. Sasa jana alitusikiaje?"

Bi Fisi alikuwa ameshaanza kunusa. Akanusa mlango, akanusa ufa, akapenyeza mguu, akavuta kibuyu chenye tundu kitakoni. "Kinanuka maziwa," alisema. "Tena kinanuka Bwana Sange."

Wote wakamgeukia Sange. Nyati akainua kwato, ikakaa juu ya kile kichwa kidogo kama paa la nyumba.

"Wewe ndiwe uliyenitukana?"

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Nilikuambia, Bwana Nyati. Maneno ni yaleyale. Ila siku ile sikuwa na kibuyu."

Nyati akamtazama ndama wake, maji yakimdondoka kidevuni. Kwato ikashuka polepole, pembeni. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka mwangwi ukajaa pangoni.

Akaziba lile tundu kwa nta, akakijaza kibuyu maji, akamvika Sange shingoni. Sange akafunikwa na kibuyu mpaka pua tu ikabaki nje, nao wakambeba, yeye na kibuyu chake, mpaka kwa mapacha.

Hadithi nimeitua hapo ilipofika majini. Anayetaka kuibeba aibebe nzima, asidondoshe hili: usiseme "tayari" kabla hujajitazama, maana uongo wako utawaumiza wenzako.