Kwa Nini Kwetu Hatuli Ini Wala Moyo

Zamani, wajukuu wangu, zamani ya kweli, babu wa babu yangu akiwa bado ananyonya, milima hii ilikuwa na watu wa aina mbili. Juu walikaa Watu wa Ini. Bondeni walikaa Watu wa Moyo. Mnataka kujua walitofautiana nini? Basi acheni kusukumana hapo nyuma.

Watu wa Ini walisema roho ya mtu inakaa kwenye ini. Ini ni zito, lina joto, roho hujilaza humo kama paka jikoni. Kwa hiyo ini la mnyama yeyote kwao lilikuwa mwiko. Moyo walikula. Watu wa Moyo walisema roho iko moyoni, ndiyo hiyo inayogonga. Moyo hawakula. Ini walikula, tena la kuchoma, na chumvi.

Mmeshaona balaa linatokea wapi? Wao hawakuona.

Nakijwa alikuwa binti wa juu. Senzige alikuwa kijana wa bondeni. Wakapendana, wakapendana, mpaka wazee wakachoka kukataa. Siku ya harusi akachinjwa mbuzi kwa kina Nakijwa. Binti yuko ndani anapakwa mafuta, akasikia bibi yake anapiga ukunga. Akatoka mbio, uso unang'aa upande mmoja.

Bibi alikuwa amemnyooshea kidole mzee Kilango, mjomba wa Senzige, aliyeshika kijiti cha ini la kuchoma.

"Anakula roho," bibi akasema. "Mbele ya macho yangu, tena analamba vidole."

"Mama, hili ni ini tu," mjomba akajibu, bado anatafuna. "Na hicho kilichomo kinywani mwako ni nini?"

Bibi akameza. Ulikuwa moyo.

"Harusi hakuna," akasema mjomba.

"Haikuwapo," akasema bibi.

Miaka mitatu ya kungoja, inapotea kwa nyama ya kwenye kijiti. Hasira zikampanda Nakijwa. Akamgeukia mchinjaji, mzee Sempombe, aliyekuwa kando anafuta kisu chake.

"Babu, umefungua mbuzi wangapi?"

"Nimeanza sijaota ndevu, mjukuu wangu. Nani anahesabu?"

"Roho umeikuta wapi? Kwenye ini au kwenye moyo?"

Hata mjomba akaacha kutafuna.

"Ini nimeliona," mzee akasema. "Moyo nimeuona. Figo, bandama, nyongo, vyote navijua kama wanangu. Roho sijaikuta. Kila nikifungua mlango, mwenye nyumba kashatoka."

"Kwa hiyo haipo?" bibi akauliza, na sasa alikuwa anaogopa.

"Mbona huyu mbuzi asubuhi kanipiga teke? Ilikuwapo. Ila haikuniambia inalala chumba gani."

Watu wakacheka. Mnadhani yakaisha? Thubutu. Wazee hawaachi ugomvi kwa kucheka. Bibi bado kanuna, mjomba bado kashika kijiti.

Senzige akamwendea mjomba wake, akakichukua kile kijiti, akampa mpita njia. "Kama kwa kina Nakijwa roho imo humu," akasema, "mimi sitii tena kinywani."

Nakijwa akameza mate. Alivyoupenda moyo wa mbuzi, binti yule! Tangu mdogo alikuwa anaugombania na kaka zake. "Na mimi moyo basi," akasema. "Mpaka nife."

"Na watoto wenu?" bibi akauliza.

"Wataacha vyote viwili."

"Maskini watoto," mjomba akanong'ona. Bibi kicheko kikamtoka, na harusi ikaliwa.

Watoto hao ndio sisi. Ndiyo maana mbuzi akichinjwa hapa, ini na moyo vinakwenda kwa majirani, na nyinyi mnapewa utumbo mnakunja sura. Mtu akikwambia roho yake inakaa hapa, usimbishie. Jinyime kidogo kwa ajili yake. Inakaa wapi hasa, mimi sijui, na anayejua asije kunidanganya.

Kisa kimefika kizingitini, nimekifungia mlango. Haya, utumbo umeiva.