Isale Lililotumwa kwa Wateja Wote

Mfano huu aliusema kwanza shangazi yangu, Ndeshukurwa binti Anaeli, mwaka 2017, Jumapili ya pili ya Majilio, tulipokuwa tumeketi nyumbani kwake baada ya kipaimara cha mjukuu wake. Wapo waliousimulia baadaye wakaongeza mbuzi. Shangazi hakutaja mbuzi, nami simwongezi. Majina ya wahusika aliyaacha, nami nayaacha.

Kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja ambao vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo, vilipakana. Kaka alibaki mlimani akilima kahawa na migomba. Mdogo alishuka mjini, akafungua duka la vitanda na magodoro, na Mungu akambariki. Mama yao aliishi katika nyumba ndogo kati ya vihamba hivyo viwili.

Mwaka mmoja mdogo alinunua gari kubwa, na njia ya kuingilia kwake kijijini haikulitosha. Kaka alikuwa safarini. Mdogo akachukua sururu, akang'oa masale ya mpakani yaliyopandwa na babu yao, akapanua njia. Kaka aliporudi alikuta mizizi imeanikwa juani.

Kwa wageni waliokuja leo na wakwe zetu, nieleze kidogo. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Kwetu ndio mpaka wa shamba. Na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Aliyekosa hulifunga fundo, humkabidhi mzee, na mzee hulipeleka kwa aliyekosewa. Aliyeletewa isale hana njia nyingine, husamehe. Akikataa, lawama humhamia yeye. Sasa niwaulize: mtu aliyeling'oa isale, ataomba msamaha kwa kitu gani?

Hakuomba. Kaka naye alisema, "Sitamfuata. Aniletee isale, nami siku hiyo hiyo nitausahau mpaka." Miaka ikapita. Kanisani humu mmoja alitokea mlango huu na mwingine mlango ule.

Mama yao aliamua jambo moja. Kila Krismasi, watu wote wanapopanda mlima kurudi kwao, wanawe wote wawili walituma watu kumwita mezani. Naye aliwarudisha wote. "Nikila kwa mmoja, nimemhukumu mwingine." Basi alijipikia ndizi zake, akala peke yake, huku akisikia vicheko vya wajukuu kulia na kushoto. Mnajua ladha ya chakula cha namna hiyo?

Ikafika wakati biashara ya mdogo ikalegea. Wateja wa zamani hawakurudi. Akaenda kwa mtengeneza matangazo, akamwambia, "Nataka kipeperushi cha kuwatumia wateja wangu wote kwa barua pepe kabla ya Krismasi. Kiwaguse moyo."

"Tuweke picha gani? Godoro?"

"Godoro halimgusi mtu moyo. Weka isale, tena lenye fundo. Wateja wangu wengi ni watu wa kwetu. Mchaga akiletewa isale atakataaje?"

Wakacheka wote wawili. Kikatoka kipeperushi kizuri kweli. Isale lenye fundo, na chini yake maneno haya: "Tusamehe. Tumekaa kimya muda mrefu mno. Rudi, tuanze upya." Chini kabisa, kwa herufi ndogo, bei za magodoro. Kompyuta ikaandika jina la kila mteja juu ya nakala yake, ikazituma zote kwa mara moja.

Kaka naye alikuwa miongoni mwa wateja. Siku duka lilipofunguliwa, kabla ya ugomvi, yeye ndiye aliyenunua godoro la kwanza, ili mkono wa ndugu uwe wa kwanza kufungua biashara ya ndugu. Anwani yake, ile anayoitumia kwa mambo ya chama cha ushirika, ilibaki humo. Mdogo aliisahau. Mashine haikuisahau.

Kaka alikuwa anakunywa chai ya asubuhi alipoifungua barua ile kwenye simu yake. Akaona jina lake. Akaona isale. Akasoma mpaka "tuanze upya", macho yakajaa, na zile herufi ndogo hakuzifikia.

Mkewe akamtazama. "Kuna msiba?"

"Mdogo wangu ameniletea isale."

"Limeletwa na nani? Sijasikia mbwa akibweka."

"Kwa simu."

"Isale kwa simu, baba watoto? Jani hilo unalishikaje?"

"Siku hizi posa zinapita kwenye simu, na rambirambi pia. Mwenye aibu hupita mlango anaouweza."

"Hata hali yako hakuuliza."

"Ameandika 'tusamehe'. Ulitaka aniimbie?"

Akaenda kwa mama. Mama hakujua kusoma barua hizo za kwenye kioo, lakini jani alilijua. Alipitisha kidole juu ya fundo, taratibu, akarudia. "Fundo ni lenyewe," akasema. "Nitolee gauni langu la kanisani. Nakwenda kuliona jambo hili kwa macho yangu."

Kaka akachimba mche wa isale, akaufunga pamoja na udongo wake kwa ganda la mgomba, ili wakirudi waupande wote watatu pale penye shimo. Wakashuka mjini.

Mdogo alipowaona mlangoni, alisimama haraka. "Mama, kuna nini nyumbani?"

"Kuna amani," kaka alisema. "Nimelipokea isale lako, mdogo wangu. Nimesamehe. Mche huu hapa. Twende tupande, na mwaka huu mama ale nasi."

Mdogo hakuelewa. Kaka akamwonyesha simu. Hapo akaelewa, na badala ya kunyamaza akacheka kidogo, kama mtu anavyocheka akimkanyaga mgeni mguu.

"Kaka, hilo ni tangazo. Kompyuta ndiyo iliyolituma. Limekwenda kwa wateja wote."

Shangazi alisema kaka hakushusha ile simu. Aliendelea kuinyoosha mbele yake, kana kwamba mkono ulikuwa haujasikia.

Mama alitafuta mahali pa kukaa, akaketi ukingoni mwa kitanda cha kuuzwa. "Wote hao umewaandikia wakusamehe?"

"Ndiyo, mama. Ni lugha ya biashara."

"Uliwakosea nini?"

"Hakuna kitu."

"Kumbe," mama alisema. "Watu wote usiowakosea umewaomba msamaha. Na huyu mmoja uliyemkosea ndiye unayemwambia kwamba hukumkusudia yeye."

Ndugu zangu, neno alilotakiwa kulisema wakati ule lilikuwa moja tu, na alikwisha kulituma mji mzima. Kaka akaona linamkwama, akamsaidia. "Isale halirudishwi," alimwambia. "Hata kama hukuomba, mimi nimekwisha kukusamehe. Siwezi kukunyang'anya. Sema tu, twende."

Wakati huo huo akaingia mwanamke mmoja, simu mkononi. "Nimeona isale lenu," akasema, "nikajiambia hawa lazima niwarudie. Bei hii ni ya kweli au ni ya kutuitia tu?"

Mdogo akamtazama kaka. Akamtazama mama. Akamtazama mteja. Kisha akasema, "Samahani, mama. Nimhudumie huyu kwanza."

Alipomaliza kumfungia yule mwanamke godoro lake, kitanda kilikuwa hakina mtu. Mche ulikuwa pale juu, na udongo wa kwao ulikuwa umemwagika kidogo juu ya nailoni ya godoro.

Tulingoja shangazi amalizie kwa mdogo kuwakimbilia stendi. Hakumalizia hivyo. Mjukuu wake, bado na shada la maua shingoni, akauliza, "Halafu, bibi?" Shangazi akasema, "Halafu hakuna." Akainuka kwenda kutazama sufuria. Nakumbuka hatukutazamana.

Sasa sisi. Asubuhi hii tumesimama hapa sote tukaungama. Tumesema tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Tumesema kwa sauti moja, nzuri, iliyozoea. Mimi nilikusikia ukisema, nawe ulinisikia. Ni nani kati yetu, wakati anasema, alikuwa na uso wa mtu mmoja mbele ya macho yake? Kama hapakuwa na uso, tuliungama, au tulisambaza vipeperushi?

Na wiki mbili zijazo tutakaa na simu zetu. Tutaandika, "Krismasi njema, naomba radhi kwa yote niliyokukosea mwaka huu," na tutaituma kwa mkupuo kwa kila jina lililomo, fundi, mkwe, mwalimu wa mtoto. Katika majina hayo yumo yule mmoja. Unamjua. Je, akijibu? Akisema, "Nimesamehe, nakuja na mama," utafungua mlango, au utamweleza kwamba ulikuwa unawasalimu wateja?

Msidhani aliyepotea katika mfano huu ni kaka kwa kuwa alidanganyika. Kaka alisoma neno akaliamini, akalivalia viatu. Kosa lake liko wapi? Kinachonitisha mimi, na kilinitisha siku ile hata chakula kikanishinda, ni kwamba mdogo alikuwa amekwisha kusamehewa. Hakudaiwa isale tena. Msamaha ulisimama dukani kwake ukiwa umevaa gauni la kanisani, naye akauambia usubiri foleni. Ndivyo Mungu anavyosimama mbele yetu kila Jumapili. Hatunyimwi. Tunamwambia, samahani, nimhudumie huyu kwanza.

Usitume tena kwa wote. Mtafute mmoja. Nenda kwa miguu yako, na jani mkononi, kabla benchi lake humu kanisani halijabaki wazi.

Shangazi Ndeshukurwa amelala katika Bwana. Mama wa ndugu wale naye amelala. Krismasi ile alikula peke yake, na haikuja nyingine. Mke wa kaka yu hai. Kaka yu hai. Mdogo yu hai.