Picha ya Bi Mwanakombo Akicheka

Hapo zamani, siku ya kuvunja jungu, kando ya Mto Zigi, walikuwapo watu watano. Alikuwapo Athumani Shekilindi, mpiga picha wa Muheza, asiye na bosi wala duka. Alikuwapo mkewe, Mwanahawa binti Juma Kilua, aliyemsafishia picha. Alikuwapo Bi Mwanakombo binti Sheuya, mama yake Mwanahawa, basi mkwewe Athumani. Alikuwapo Yohana Mntambo, golikipa, rafiki wa Athumani. Na alikuwapo Mzee Hilari Mhando, karani mstaafu wa reli. Hilari, si Hilali.

Mwezi ule wa Shaabani Athumani hakugusa kitanda ila kwa kukigonga akipita. Harusi kumi na moja! Ijumaa moja alifunga ndoa tatu, kwa kamera. Jioni mpira, Jumamosi dansi, na kote huko anaitwa: "Athumani, nipige!" Akapiga hadi kamera yake kuukuu ikaanza kugoma. Hata hivyo, siku ya pilau la mwisho kabla ya mfungo akaibeba mpaka mtoni.

Alitaka picha moja tu: Bi Mwanakombo. Maisha yake yote bibi yule, akiona kamera, hukakamaa kama anaapishwa mahakamani. Athumani akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akapima nuru, akalenga. Kisha akasogea ili kumwomba mkwewe ainue uso.

"We baba," akasema Bi Mwanakombo, "tangu lini mkwe akamsogelea mkwewe hivyo?"

"Nisamehe, mama."

Akarudi nyuma kwa adabu, macho chini. Akarudi, akarudi tena, akarudi mara ya tatu. Chubwi! Zigi ikampokea na kanzu yake.

Bi Mwanakombo akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani. Yohana akaruka kama anaokoa penalti, akabonyeza. Tcha!

Kesho yake Athumani aliitwa harusi ya kumi na mbili, ya kanisani. Mwanahawa akabaki chumbani na mkanda. Joto la siku hiyo lilitosha kuyeyusha picha ndani ya dawa, na mikanda miwili ilikuwa imekwisha kuyeyuka hivyo. Mwanahawa akachukua mtungi wa maji ya kunywa, yaliyopoa, akautumbukiza mkebe wa dawa humo, akangoja. Picha ikatoka safi, kila jino mahali pake.

Mzee Hilari akaipeleka Tanga kwenye maonyesho ya picha. Ramadhani haijaisha, akarudi na boksi: picha imekuwa ya kwanza, na zawadi ni kamera mpya. Muheza ikashangilia. Athumani akaruka, akamkumbatia Yohana, na papo hapo akaona Yohana halegezi mkono wake juu ya boksi.

"Yangu," akasema Athumani. "Kamera yangu, mkanda wangu, nuru nimeipima mimi. Harusi za Mfungo Mosi, baada ya Idi, zinanisubiri, nami nina kamera iliyokufa."

"Wewe ulikuwa majini, bwana!" akasema Yohana. "Chura naye hupiga picha? Aliyebonyeza ni mimi. Kuchelewa kidogo, kicheko kimekwenda. Nimechoka kudaka mipira ya watu, nataka kazi yangu."

"Mlibonyeza giza," akasema Mwanahawa. "Picha niliitoa mimi. Tena nyie wanaume mnaishia barazani. Ndani kwa bibi harusi nani atapiga, kama si mimi?"

Athumani akamtazama mkewe. Mwezi mzima hakujua kwamba alikuwa na hamu hiyo.

"Na kinywa kilichocheka ni cha nani?" akauliza Bi Mwanakombo. "Leteni hilo boksi nilifungie kabatini, nisipigwe tena."

Wakacheka wote, lakini hakuna aliyeachia. Wakamkabidhi Mzee Hilari kamera, kwa kuwa maishani mwake hakupata kumpendelea mtu hata kwa tiketi. Akasema, "Nimewasikia wote wanne. Nitaamua Jumapili baada ya misa."

Athumani akahesabu siku kwa vidole.

Mzee Hilari Mhando alifariki dunia Jumamosi, saa tano asubuhi.

Kamera ingali ndani ya boksi. Haya, ninyi mliosikia: nani alistahili?