Nyuzi Zilizolala

Ukikosea, na kosa lako likazaa tunda, je, tunda ni lako? Usijibu bado. Kaa.

Walikuwa watatu, wote na digrii, wote kwenye attachment, mafunzo ya kazini yasiyokwisha, katika maabara ya chuo fulani. Mkawasi alikuwa na mkono usiotetemeka: alipanga vitone vya dhahabu juu ya kigae cha silikoni, vidogo hata vumbi lingevihurumia. Barasa alijua tabia za tanuri. Kwa joto na gesi aliotesha uzi chini ya kila kitone, mwembamba kuliko unywele, nyuzi zikasimama kama shamba la mtama. Nyaboke alikuwa na jicho. Aliosha kigae, akakimulika, akasema mwanga umekwenda wapi.

Shamba hilo lilitakiwa limeze mwanga wote, lisirudishe hata mmeto. Profesa aliahidi, "Atakayefanikisha, namwajiri." Ajira moja. Wasee, moja.

Siku ya siku, kigae kikatoka cheusi tititi. Mwanga uliingia, haukutoka.

"Haya, ni nani?" Profesa akauliza.

Mkawasi akainama. "Si mimi, Prof. Nilikosea vipimo, nikabananisha vitone. Nikanyamaza."

Barasa akajikuna shingo. "Mimi nilienda chai, stori zikaninogea. Nyuzi zikarefuka kupita kiasi. Sorry."

Nyaboke tayari alikuwa analia. "Spiriti iliisha, nikaosha kwa maji. Yalipokauka yakazivuta nyuzi, zikalala vichwa pamoja, mafungu mafungu. Niliwaharibia shamba lenu."

Profesa akachungulia kwenye darubini, akakaa huko muda. "Mafungu hayo ndiyo yaliyonasa mwanga," akasema. "Nyuzi zingeachana, zisingegusana. Zingekuwa fupi, zisingepinda. Na spiriti ingeziacha wima."

"Mpe Nyaboke," Barasa akasema. "Ana mtoto."

"Usinihurumie, bwana. Huruma yako hainitoi aibu. Nitaketije kwenye kiti cha kosa?"

"Basi tukae wote kwenye benchi, kama kawaida," Mkawasi akasema, na hakuna aliyecheka.

Je, wewe ungeamua vipi? Aliyebananisha, aliyechelewa, au aliyeosha kwa maji?

Nawe Prof, nanyi mnaotia sahihi huko juu, hawa wamekiri yao. Kirini yenu. Spiriti iliishaje kwenye maabara yenu? Tunataka jibu, na ajira tatu.