Hodi Nyingi Hukausha Wino

Hodi nyingi hukausha wino. Vijana walimsikia Bi Tima akiyasema maneno hayo kwa ukali, baada ya kumwita mara kwa mara akiwa ameinamia kofia anayoishona. Waliona haya. Kisha mmoja akauliza: hapa pana uzi na sindano, wino umetoka wapi?

Bi Tima akaiweka kofia magotini. Methali hii ilianza hivi, akawaambia, na ilianza kwa hasira, kwa hiyo wasitegemee aisimulie akicheka.

Asubuhi moja mgeni asiyetarajiwa alifika kwa Mwanajaha binti Famau, mwanamke aliyenakili vitabu kwa kalamu ya tete katika mji mmoja wa mawe. Mgeni huyo alikuwa ajuza kipofu, Bi Somoe, aliyeletwa kwa kushikwa mkono na wauza chumvi. Kifuani alibeba utenzi uliotungwa na mama yake mwaka ule ndui ilipoumaliza mji wao. Kila ubeti ulimtaja marehemu mmoja kwa jina.

"Hawana makaburi, mwanangu," alisema. "Walizikwa shimo moja. Nikinyamaza, ni kama hawakuzaliwa."

Mwanajaha akakubali kuuandika. Akakoroga masizi na gundi katika kidau cha wino, akachonga kalamu. Shida ilikuwa moja: Bi Somoe hakuweza kuanzia katikati. Beti zake zilishikana kama miaa ya ukili wa mkeka, na akikatizwa ilimbidi arudi ubeti wa kwanza.

Na katika mji ule hodi ilikuwa amri. Aliye nyumbani huitika karibu, huinuka, hutandika mkeka, hutia kahawa. Asipoitika hodi ya tatu, mgeni huondoka na harudi tena.

Basi wakaja. Mmoja alitaka kaa la moto. Shemeji alitaka shauri juu ya mahari ya mtoto wa watu. Mwingine hakutaka kitu, alisikia tu kwamba kuna mgeni. Hakuna aliyeuliza kama amekatiza kazi, kwa sababu machoni pao hapakuwa na kazi. Mwenye kutwanga anatwanga, mwenye kusuka anasuka, mwenye kuandika amekaa. Kila aliporudi, Mwanajaha alikuta wino umeganda na Bi Somoe anakohoa, anaanza upya kwa sauti iliyopungua. Hasira ilimpanda, akaimeza pamoja na kahawa ya wageni.

Alasiri akaingia Bi Nana, jirani wa ukuta mmoja, kusimulia ndoto. Alipomaliza, alibaki kunywa kahawa huku Bi Somoe akianza tena. Ajuza akafika mahali, akasita.

"Palikuwa na mtoto hapa," akasema, akipapasa mkeka kama aliyeangusha sindano. "Alikuwa na jina."

Jina halikuja.

"Litakuja tu," alisema Bi Nana. "Na wewe Mwanajaha, mbona umenuna? Si umekaa tu, hata jasho huna."

Mwanajaha akasimama. "Mtoto huyu ndui ilimuua mara ya kwanza, Bi Nana. Mara ya pili ameuawa na hodi zenu. Na mimi ninayeitika karibu ndimi niliyewafungulia mlango."

Bi Nana akajitanda ushungi, akatoka bila kuaga.

Mwanajaha akaacha nafasi tupu ya jina lile. "Nakuahidi, mama," akasema, "sitaitika hodi nyingine mpaka umalize."

"Usiahidi usiloliweza," ajuza akamjibu. "Hata mimi niliingia kwa hodi."

Wakaanza tena tangu mwanzo. Zilipobaki beti chache, hodi ikapigwa.

"Mwanajaha, ni mimi khatibu. Ile kazi ya kuandika juzuu za msikiti mpya imepatikana, nimekuletea wewe kwanza. Hodi."

Kazi hiyo Mwanajaha alikuwa ameiomba kwa miaka. Bi Somoe, bila kukatiza beti, akamsukuma goti aende. Mwanajaha akauondoa mkono ule taratibu, akaandika.

"Hodi."

Ajuza akataja jina la marehemu mwingine, nalo likakaa kwenye karatasi. Hodi ya tatu ilikuja kwa sauti ya mtu aliyeudhika. Mwanajaha akachovya kalamu. Nyayo zikaondoka kuelekea mtaa wa pili, kwa mwandishi mwingine. Akageuza uso ili machozi yasidondokee wino, na alipougeuza tena Bi Somoe alikuwa akighani ubeti wa mwisho. Akauandika.

Juzuu zile ziliandikwa na mkono mwingine, na khatibu hakurudi tena. Lakini utenzi ulikamilika, isipokuwa ile nafasi moja. Haikujazwa kamwe. Waliousoma baadaye, wakifika pale kwa mtoto yule, walikuwa wakisema, badala ya jina: hodi nyingi hukausha wino.