Gayogayo Aliyempa Papa Mgongo

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, samaki walipokuwa bado na majiko yao, gayogayo walikuwa koo mbili. Wote bapa kama chapati, wote macho mawili ubavu mmoja. Ila hawa macho yalikaa ubavu wa kushoto, na wale ubavu wa kulia.

Papa alikuwa amechanjiana damu na wa kushoto. Angemla mmoja wao, tumbo lingemvimba mpaka lipasuke. Wa kulia aliwala kwa wali.

Siku moja mkewe anakuna nazi, kwaru kwaru, Papa akaona macho mawili mchangani, pale pale mlangoni. Alikuwa gayogayo wa kulia, amejifukia, roho mkononi.

"Wewe! Ukoo gani?"

"Wa kushoto, kaka! Ndugu yako wa damu."

"Hm! Wote husema hivyo wakiona meno. Toka nikuone."

"Ala! Mchanga huu ndio shuka yangu. Utanivua shuka mbele ya shemeji?"

Papa akasita. Kumvua ndugu nguo ni aibu kubwa. Lakini moyo haukutulia.

"Basi lala tumbo likinielekea. Ndugu zangu wakilala hivyo, kichwa huwa kushoto kwangu. Kitoweo changu, kichwa huwa kulia."

Gayogayo akajigeuza humo humo mchangani, chwaa! Kumbe amempa mgongo, si tumbo. Kichwa kikaja kushoto.

Papa akakodoa macho. "Nitajuaje kama hilo ni tumbo? Mapezi yenu yamezunguka mwili mzima kama ukingo wa mkeka!"

"Tega sikio, kaka. Tangu jana sijala. Mgongo hauna njaa, haungurumi."

Papa akainama, akatega sikio. Gayogayo akafumba mdomo, akaguna kooni: "Ngrrr! Ngrrrr!"

"Lahaula! Ni tumbo kweli! Mke wangu, acha nazi! Ndugu yangu anakufa njaa, lete mkate!"

Mkewe akaja na mkate, akauweka mchangani, akasikiliza kidogo. "Mume wangu, mbona tumbo la huyu linangurumia kichwani?"

"Eti nini?"

Vup! Gayogayo akanyakua mkate, akachomoka, macho yote mawili yanametameta ubavu wa kulia.

"Rudi, mwongo wewe!"

"Nazi imeshakunwa, shemeji," akapiga kelele kwa mbali, "itieni kwenye mchicha!"

Basi, wajukuu zangu, ukimshuku mtu, ushahidi usimwombe yeye mwenyewe.