Bibi Nakijwa Aliyewika

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu wenye njaa. Nanyi mmekula, nimewaona. Paukwa!

— Pakawa!

Naam, sasa twende. Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa bibi yake, palikuwa na kijiji mlimani. Kijiji hicho kiliishi kwa maji ya mfereji. Juu kulikuwa na bwawa la udongo, wenyewe wakiliita ndiva. Ndiva ikijaa hufunguliwa, na maji hushuka, cho-cho-cho-cho, hadi mashamba ya chini. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji. Kila nyumba ilikuwa pia na kipande chake cha mfereji cha kutunza. Na sheria ilikuwa moja, haikujua shangazi wala mjomba: asiyekuja kuzoa tope la ndiva, lango lake la maji linafungwa. Linashindiliwa udongo na magogo ya mgomba, pu! pu! pu! Maji yanampita huku anayatazama.

Katika kijiji hicho Injili ilikuwa imefika, ingali mpya. Watu walijenga kanisa la nyasi, wakabatizwa, wakaimba. Loo, waliimba! Na mwanzishaji wa nyimbo alikuwa Zefania. Akianza yeye, hata mbuzi waliofungwa nje waliacha kutafuna. Msibishe, ndivyo nilivyosimuliwa.

Jumapili moja Zefania aliuanza wimbo juu mno. Alipofika pale pa kupanda, sauti ikamkatika: kwiiik! Kama pora, jogoo kijana anayejifunza kuwika. Kanisa zima likaangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa Mzee Kajiru, mzee wa kanisa, ambaye ndiye pia aliyekuwa mgawa maji wa kijiji. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kofia.

 Jumapili iliyofuata Zefania akakaa nyuma. Iliyofuata, mlangoni. Kisha akakaa nje, akidai ndani kuna joto. Kisha akawa na kazi shambani. Kisha hata kazi haikuwapo, akalala tu. Mkewe, Namkunda, alimuuliza, "Baba Elifuraha, hata sala ya jioni tumeiacha?"

"Nimechoka, mama."

Uchovu huo haukuisha.

Kikaja kiangazi. Maji yakapungua, migomba ya Zefania ikaanza kuinamisha majani. Zefania akamkamata jogoo wake mwekundu, akapanda naye hadi kwenye msitu wa matambiko, msitu aliouaga siku ya ubatizo wake. Kwa! Akamchinja, akaomba mvua kwa mizimu. Aliposhuka alikutana na akina mama wakitoka kuchota maji. Mmoja akamuuliza, "Zefania, si wewe ni wa Kristo?"

Naye akajibu, "Huyo Kristo wenu mimi simjui."

Mmesikia? Simjui. Neno dogo, lakini mbio zake! Kabla ya jua kutua lilikuwa limefika kila jiko. Namkunda alipolisikia alikaa chini akalia. Njaa haikumliza. Alilia kwa kudhani mumewe amepotea, na kwamba mlango wa kurudi haupo.

Mzee Kajiru akawakusanya waumini. "Asiyezoa tope hapati maji. Kweli au si kweli?"

"Kweli!"

"Basi anayemkana Mungu aliyetupa hayo maji, apate?"

"Asipate!"

Tazameni kosa hilo. Sheria ya tope ilikuwa nzuri, imenyooka, imelisha vizazi. Wakaichukua wakaipeleka kanisani, kama mtu anayechukua jembe kuchania nywele. Wakaondoka na magogo ya mgomba. Pu! pu! pu! Lango la Zefania likafungwa.

"Aliyeasi ameasi," akasema Kajiru. "Harudi huyo."

Sasa nisogeeni, maana anakuja mwenye hadithi. Bibi Nakijwa alikuwa mjane, mfupi, mwenye pengo mbele na ulimi usio na pengo. Kanisani alikwenda na jembe begani, akaliegemeza mlangoni. Alisema Bwana akirudi ghafla, amkute na kazi. Siku ya mkutano alikuwa ng'ambo ya mlima kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi wakamsimulia yote. Hakufoka. Aliguna tu: "Mh."

Shamba lake lilipakana na la Zefania. Zamu yake ya maji ilipofika, Bibi alichimba kijifereji mpakani, kwa! kwa! kwa! Maji yakaacha maharage yake, yakaingia kwenye migomba ya Zefania. Cho-cho-cho-cho.

Kajiru akaja mbio, kofia mkononi. "Bibi! Unamnyweshea mwasi!"

"Zamu hii ni ya nani?"

"Yako."

"Na sheria inasema nimwagilie nini?"

"Haisemi."

"Basi nawe usiseme, baba. Unanikanyagia mfereji."

Maharage ya Bibi yakaanza kujikunja. Zamu nyingine ikaja, akafanya vile vile. Maharage yakawa manjano. Bibi akayapita akiimba.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Zefania mwenyewe. Alikuja uani kwa Bibi, akasimama, hata kigoda akakikataa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, maharage yako yanakufa."

"Nayaona, macho ninayo."

"Mimi si wenu tena. Nimewaacha."

"Umetuacha, nimesikia. Nani alikwambia tumekuacha?"

"Mzee Kajiru."

"Kajiru anagawa maji," Bibi akasema. "Rehema hagawi yeye. Chukua jembe hilo unisindikize. Maji yanatoka ndivani mengi, huku chini yanafika haba. Twende tukaangalie kama kaa wametoboa ukingo."

Wakapanda wakiufuata mfereji. Bibi mbele, Zefania nyuma. Bibi atazama kushoto, Zefania atazama kulia. Na Bibi akaimba. Nisaidieni hapo, mnaitikia "panda juu":

Kaa, kaa, umetoboa wapi?

— Panda juu!

Maji yatoka, shamba halipati.

— Panda juu!

Chini ni kiu, tundu li wapi?

— Panda juu, panda juu!

Wakapanda. Wakatazama. Wakapanda tena. Na mahali fulani wakaona nyasi za kando zimenawiri, kijani kibichi, wakati kote kumekauka. Zefania akapapasa ukingo. Kumbe! Tundu la kaa, halizidi kidole gumba, na maji yanatoka, pwi-pwi-pwi, yanakwenda kunywesha magugu. Zefania akapiga magoti, akaanza kulishindilia udongo. Mikono yake ilipozama kwenye tope, Bibi akauliza:

"Na wewe, mwanangu, tundu lako liko wapi?"

 Zefania akasema, "Msituni, Bibi. Pale kwa jogoo."

"Pale ni shamba lililokwisha kukauka. Panda juu."

"Niliacha kanisa."

"Panda juu."

"Niliacha kusali na mke wangu."

"Panda juu."

Zefania akashindilia udongo, akashindilia, hata palipokwisha kuziba. Mwisho akasema, "Walinicheka, Bibi. Nilikuwa namwimbia Mungu, wakanicheka."

Bibi Nakijwa akakaa pale pale ukingoni. "Nami nilicheka," akasema. "Nilicheka na pengo langu wazi. Nisamehe, mwanangu."

Zefania akainamisha kichwa. Moyo wake ulimuuma, ukapoa, ukamuuma tena.

"Lakini sikia," Bibi akaendelea. "Kaa ndiye aliyetoboa. Wewe ndiwe uliyeliona tundu ukalipita, kila siku ukalipita, ukasema kesho. Na lile neno la njiani ulilisema kwa kinywa chako."

"Ndilo linaloniua, Bibi. Nilimkana. Mtu aliyemkana hurudi?"

"Petro alirudi."

"Petro aliwikiwa na jogoo akakumbuka."

"Na wewe jogoo wako?"

"Mimi nilimchinja."

"Ala!" Bibi akasimama. "Kumbe ndiyo maana umechelewa!"

Akaweka jembe chini. Akashika ncha za shuka lake, akalipigapiga kama mabawa, akainua shingo yake fupi, akawika:

"Kokorikooooo!"

Mlima ukaitikia. Zefania alicheka, akacheka hadi kicheko kikageuka kilio, akapiga magoti pale topeni na kusali. Alisema nini, hatuambiwi. Hayo ni yake na Mungu wake.

Mara vichaka, cha-cha-cha! Akatokea Mzee Kajiru, amekuja kumtafuta jogoo aliyepotelea mferejini. Akawakuta wawili wametapakaa tope.

"Mnafanya nini kwenye kipande changu?"

Maana kilikuwa chake. Ndiyo, hapo hapo palipotoboka! Tangu walipolifunga lango la Zefania alikuwa akilizunguka kulilinda lisifunguliwe, na kipande chake mwenyewe hakukikanyaga. Nyani, mnajua asichokiona.

"Tunaziba," Bibi akajibu. Hakuongeza neno, na kwa ulimi ule, hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kuchimba.

Kajiru akalitazama tundu. Akamtazama Zefania, macho mekundu kwa machozi. Akaivua kofia yake, ile ile, akaikunja mkononi.

"Nipe jembe," akasema.

Wakamaliza pamoja. Waliposhuka, Kajiru alilibomoa lango la Zefania kwa mikono yake, gogo baada ya gogo, na maji yakaingia, cho-cho-cho-cho.

Jumapili Zefania aliingia kanisani na mkewe, akapita nyuma, akapita katikati, akasimama mbele. 

"Nilisema simjui," akasema. "Nilisema uongo. Namjua, tena namtaka. Nipokeeni."

 Macho yote kwa Kajiru. Kajiru akasimama taratibu.

"Mimi nilifunga mlango ambao Mungu hakuufunga. Nilikucheka kwanza, kisha nikakufungia maji. Nisamehe, ndugu yangu. Anzisha wimbo."

Zefania akauanza wimbo ule ule. Mbuzi nje wakaacha kutafuna. Akafika pale pa kupanda, akapanda, na...

Kwiiik!

 Namkunda akafumba macho. Kajiru akauma ukingo wa kofia.

Ndipo upande wa akina mama ikasikika: "Kokorikooooo!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Zefania. Alicheka akashika mbavu, na wote wakacheka pamoja naye, kisha wakauimba wimbo hadi mwisho, vibaya kabisa, kwa furaha iliyojaa hadi paa la nyasi. Namkunda aliimba akilia.

Tangu siku hiyo, mtu akikosekana kanisani kijijini pale, hawaulizi kama ameasi. Wanaambiana, "Panda juu," na mmoja anachukua jembe, anakwenda kumtembelea.

Bibi Nakijwa aliishi akashiba siku zake. Maharage yake? Yale yalikufa. Ila kila mavuno baadaye alikuta kapu la maharage mlangoni, na Zefania aliyelileta hakujificha hata kidogo. Siku alipozikwa, kijiji chote kilipanda hadi kaburini kwake. Walimwomba Zefania, mvi tupu sasa, aanzishe wimbo. Zefania akasimama. Hakuimba. Alikunjua mikono yake mizee, akainua shingo, akawika.

Na majogoo wa kijiji, mmoja baada ya mwingine, hadi bondeni, wakamjibu.

Basi, wenzangu, imani ya mtu haikauki kwa siku moja, na hairudi kwa kufungiwa lango. Ukijiona unavuja, ziba tundu lingali la kidole. Ukimwona mwenzako amekauka, usisimame chini ukimtukana. Chukua jembe, panda naye juu. Na jogoo wake akiwa amechinjwa, basi wika wewe.

Ngano yangu imetua jembe mlangoni. Anayepita, alichukue.